Masanduku Yasiyolipuka

Sajini alikuwa na vidole vitatu katika mkono wa kushoto, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini alipewa kazi ya kufundisha mitego ya mabomu. Vile viwili vilikwenda siku alipofungua kasha la sabuni katika nyumba iliyohamwa. Sabuni! Hata risasi hazikuwamo.

Ndiyo maana Jumatatu ile, aliposimama nyuma ya mpwa wake kwenye chumba cha kompyuta, roho ilimuuma. Binti huyo, aliyemlea tangu dada yake afariki, alikuwa wa kwanza katika kikosi kwa alama za mchezo wa mafunzo. Kwenye skrini aliingia nyumba hii akatokea ile, na kila sanduku aliloliona alilifungua. Ndani mna bandeji. Ndani mna risasi. Ndani mna maji ya kunywa, pengine yamepoa kabisa.

"Mjomba, umeona? Siachi hata moja!"

"Nimeona," alisema Sajini, na hilo ndilo lililomtisha. Ijumaa kikosi chote, watu kumi na wawili, kingepelekwa vitani kwenye nyumba za kweli.

Akaenda kwa fundi aliyetengeneza mchezo, kijana mpole aliyeketi mbele ya feni. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

"Fundi, nakuomba tena. Masanduku yalipuke."

"Afande, yakilipuka watu wataogopa kuyagusa."

"Si ndiyo ninachotaka!"

"Alama zitashuka. Na wakubwa wanaangalia alama."

Heri kumpigia mbuzi gitaa. Mbuzi angalau hajibu. Walibishana mpaka fundi akalegea: katika kila masanduku ishirini, moja litalipuka. Sajini akatoka na moyo mwepesi. Hakuuliza kitatokea nini baada ya mlipuko.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliwapeleka kwenye ghala tupu nyuma ya karakana kwa jaribio la mwisho. Bila saini yake, askari hapandi lori. Alikuwa amepanga makopo, ndoo na masanduku, na ndani ya kasha moja ametega kengele. Mpwa akatangulia. Hakutazama chini, hakutafuta waya. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, akainua kifuniko.

Kengele ikalia.

Binti akasimama tuli, akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja, mbili..." Wenzake wakadakia huku wakicheka, "Tatu, nne, tano!" Kisha akasogea mbele na kushika kifuniko cha sanduku la pili.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nimefufuka, Mjomba. Kwenye mchezo ukilipuliwa unasubiri sekunde tano, unaendelea."

Damu ilimchemka Sajini mpaka masikioni, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Wiki nne amehangaika kuomba kifo kiingizwe mchezoni, na sasa kimeingia kikiwa mapumziko. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nao hapa walikuwa wanaucheka usaha wenyewe.

Hakusaini hata fomu moja. Alizirudisha zote kumi na mbili mezani kwa kamanda, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho. Kamanda alikuwa na simu mbili mkononi na haraka tele.

"Kikosi hiki kina alama za juu kuliko vyote. Au unambania mpwa wako asiende?"

"Ningetaka kumbania, afande, ningebana fomu yake peke yake."

Kamanda akamwita fundi asaini badala yake. Fundi akasaini zote kumi na mbili kwa mfululizo, bila kusoma jina, na kazi ikaisha.

Mpwa alikuwa akingoja nje, macho mekundu.

"Mjomba, umeniaibisha mbele ya wenzangu."

"Bora aibu, mwanangu. Twende ghalani. Jua bado lipo, nitakufundisha kuangalia chini kabla hujagusa kitu."

"Nimeshafaulu," alisema, akaenda kufunga begi lake.

Sajini akapita bwenini akiwaita wote, mmoja mmoja, kwa kuomba na si kwa kuamuru, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Waliokuja ni wawili. Mpwa wake hakuwamo. Alisubiri kidogo, akiutazama mlango, kisha akapiga magoti kwenye vumbi la ghala, akaanza na hao wawili.