Kidude Ndani ya Kopo la Vifungo

Kidude chenyewe kilikuwa cha kinyozi wa jirani: cheusi, bapa, kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Unaweka laini ndani yake, kinashika mtandao kutoka kwenye mnara wa simu, kisha kinaugawa kwa wifi kwa simu na kompyuta zilizo karibu. Kinyozi alikitumia kuwaonyesha wateja wake mpira. Aliniazima kwa siku moja.

"Injinia," alisema, maana tangu nihitimu hajaniita jina jingine, "ukipata kazi, kichwa chako ni changu mpaka uote upara."

"Na nisipopata?"

"Nitakunyoa bila huruma."

Saa nne asubuhi nilikuwa na usaili wa video na shirika linalopeleka vidude kama hivyo kwenye zahanati za mbali, ili wauguzi waweze kuzungumza na daktari wa hospitali kubwa. Walitafuta mtu wa kuwafundisha wauguzi hao. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi huku na huko kwa miezi kumi na minne. Hawa ndio wa kwanza kunijibu, na kazi yao ndiyo niliyoitaka kuliko zote.

Naishi kwa mama mkubwa, dada yake mama. Ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Kalamu zangu, vitabu vyangu, hata joho nililovaa siku ya mahafali, vyote vilitoka kwenye mguu wake uliokanyaga ile cherehani. Dirisha la chumba hicho ndilo linaloelekea mnarani, kwa hiyo nikakiweka kidude pale, kompyuta nikaiacha chumbani kwangu, nyuma ya pazia.

"Kinafanya nini hasa?" aliuliza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kinachukua mtandao mnarani na kuniletea chumbani."

"Bila waya?"

"Bila waya. Unapita hewani tu."

"Haya, nenda. Mimi nitakiangalia."

"Kitunze kama mtoto, Mama Mkubwa," nikatania.

Nyuso tatu zilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo. Maswali ya mwanzo niliyajibu vizuri. Ndipo akasema, "Sasa tuseme mimi ni muuguzi, sijawahi kukiona kifaa hiki. Nieleze."

Nilipofungua kinywa, uso wake uliganda. Sauti yake ikaja vipande vipande, halafu ikazimika. Alama ya wifi ikabaki mstari mmoja, kisha ikatoweka.

Nilifanya yote niliyofundishwa chuoni. Nikazima wifi, nikawasha, nikakagua mipangilio, nikaizima na kuiwasha kompyuta nzima huku jasho likinitiririka. Dakika nne zilipotea hivyo kabla sijakimbilia chumba cha mbele. Dirishani hapakuwa na kitu.

"Kiko wapi?"

"Usiwe na wasiwasi," alinijibu, macho kwenye mshono. "Nimekihifadhi."

Alikuwa amekitia kwenye kopo lake la vifungo, kopo kubwa la bati, na kifuniko amekigandamiza kwa nguvu. Asubuhi ile alikuwa anakata kitambaa cha sufi na manyoya yake yalikuwa yanaruka chumba kizima. Manyoya hayohayo yaliua redio yake mwaka uliopita. Alipoyaona yanatua kwenye tundu la chaji, hakusubiri.

Nilitaka kupiga kelele. Nikafungua kopo, nikakikuta kidude kimelala juu ya vifungo, kimefungwa kwa kipande cha mahameli, kile anachokitunza kwa nguo za maharusi. Nikakifungua taratibu.

"Bati linazuia mawimbi," nilisema. "Mnara haukifikii, na chenyewe hakinifikii mimi."

Aliziba mdomo kwa kiganja. "Mbona hukuniambia? Ulisema hewa. Nami nikaona koponi hewa imo."

Alikuwa na haki. Nilimweleza kinafanya nini, sikumweleza kinashindwa na nini. Miaka minne ya chuo, na hilo halikunijia.

Nilikirudisha dirishani. Nilipojiunga tena kwenye usaili, bado walikuwepo.

"Mtandao wa huko kwenu ni mbovu hivyo?" aliuliza bwana aliyekaa pembeni.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Kila mtu huusingizia mtandao, nao haujitetei. Lakini nilikuwa bado nimeshika kile kipande cha mahameli.

"Mtandao hauna kosa," nikasema, na nikawaeleza yote, pamoja na kopo.

Kabla hawajajibu, pazia likafunguka. Mama Mkubwa aliingia na mkasi mkononi, akainama mbele ya kamera.

"Mnisamehe, wanangu. Kosa ni langu. Msimnyime kazi kwa ajili ya vifungo vyangu."

Mwenyekiti alivua miwani. "Na sasa, mama, ukipewa kifaa hiki utakiweka wapi?"

"Dirishani, upande wa mnara. Bati kisilione. Kinapata joto, kwa hiyo kipumue. Ila vumbi," akanigeukia, "hilo mtanisaidia nyinyi. Injinia wangu hakulifikiria."

Walicheka wote. Kisha mwenyekiti akavaa tena miwani. "Zahanati tano zimetuambia vifaa vyetu havishiki mtandao," alisema. "Kila zahanati ina kabati la chuma la dawa, ndimo wanamofungia vitu vya thamani. Hatukuwahi kuwauliza wanavihifadhi wapi."

Siku mbili baadaye walinipigia simu. Nilianza kwa kuzitembelea zahanati hizo tano.

Asubuhi ya safari ya kwanza, Mama Mkubwa alinikabidhi vifuko sita vya kitambaa cha wavu, vyepesi, vinapitisha hewa na vinazuia manyoya. Vitano vya wauguzi na kimoja cha kinyozi. Nilimshukuru, nikaona neno lenyewe ni dogo mno, nikamshukuru tena. Nilikuwa nageuza kifuko kimoja nikichunguza kifungo cha mdomoni mwake, akanipiga begani.

"Usihangaike," alisema. "Kifungo ni cha plastiki."