Hodi Kinywani mwa Zimwi

"Nilikupa mama yangu umshike mkono, Faridah, sikukupa ushike simu."

Valeria aliyasema hayo mbele ya nyoka wa jiwe mwenye vichwa saba, watu wakitutazama. Faridah akamjibu kwamba simu ilikuwa ya kazini, na kwamba bibi wa watu angeachwa apumzike nyumbani, mtaani kwetu Kilburn, haya yote yasingetokea. Mimi flati yangu iko katikati ya zao, ugomvi wao nimezoea kuusikia kupitia ukuta. Siku hiyo nilipewa siti ya mbele na sikuifurahia hata kidogo.

Bustani ile ya tajiri mmoja, kusini mwa London, imejaa viumbe vya hadithi vilivyochongwa Italia karibu miaka mia tano iliyopita: majitu, majoka, farasi wenye mabawa. Tulikwenda kutoa ushamba. Sasa Bibi Aikaeli, mama yake Valeria, aliyekuja kutoka Moshi na kumbukumbu inayokuja na kuondoka, haonekani. Alishachomwa sindano ya sukari na alikuwa hajala. Asipokula angezimia, na baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Tukaliita jina lake kila kichaka. Walinzi nao wakalitangaza kwenye vipaza sauti, wakilitamka kama jina la dawa ya kikohozi. Kimya. Valeria akaishiwa sauti, akakaa chini kwenye matope, akasema nyumbani atawaambia nini.

Hapo Faridah akamchutamia.

"Mama Eddie, jina lako liitwe na mtu usiyemwona, mahali pamejaa mashetani hivi, wewe ungeitika?"

Valeria akatikisa kichwa. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemkataza kuitika hivyo, tangu utotoni.

Basi tukaacha kuita. Tukapita zimwi kwa zimwi, tukigonga mawe na kubisha kama wageni. Kwa joka, kimya. Kwa jitu, kimya. Mbele kulikuwa na kichwa kikubwa kilichoachama, kinywa chake ndio mlango wa chumba cha giza. Faridah akagonga jino.

"Hodi humu."

"Karibu," ikajibu sauti nyembamba.

Bibi alikuwa ameketi huko ndani, mikono inamtetemeka, khanga ameitandika, na juu yake chapati za safari ambazo hazijaguswa. Valeria akabaki kinywani mwa zimwi analia. Bibi akamtazama kama mtu asiyemjua, kisha akasogea kumpa nafasi.

"Pita, binti, usilie mlangoni. Ingieni wote tule. Mimi siwezi kula peke yangu."