Maji Baridi ya Heshima

Jebet alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani na kumpa baba mkwe mgongo, mkono mmoja umenyooshwa nyuma, umeshika mpira wa maji. Hakuona maji yalikoangukia. Alisikia tu: yakigonga bati la banda la ng'ombe yalivuma, yakigonga saruji yalichapa, na yakimpata Mzee Zachariah yalinyamaza.

"Geuka, Baba. Upande ule mwingine."

Asubuhi hiyo mtaa wa West Indies ulikuwa na ile baridi ya Eldoret inayoingia hadi kwenye mizizi ya meno. Mgongoni mwa Jebet, binti yake Chebet alilala fofofo, amefungwa ndani ya blanketi zito.

Jambo hili lilianza kwa nia njema. Kwao, mke wa mwana hamgusi baba mkwe, wala hamtazami akiwa hajavaa. Tangu aolewe, Jebet alikuwa hajawahi hata kumpa mzee mkono. Kimeli, mumewe, ndiye aliyekuwa akimwogesha babake. Lakini Kimeli ni dereva wa lori, na safari za Juba hazijulikani zitaisha lini. Akiwa hayupo, Jebet alimwekea mzee beseni bafuni, akasimama nje ya mlango na kumwelekeza: sasa shika sabuni, sasa jipake kifuani. Mzee alifuata. Kisha ikaja siku alipoitazama ile sabuni asijue ni kitu gani, akaiuma. Siku hiyo hiyo akajichafua, na Jebet akaukumbuka mpira wa kuoshea ng'ombe. Hakukuwa na haja ya kushika. Hakukuwa na haja ya kutazama. Akajipongeza kwamba amepata njia ya kuilinda heshima ya mzee.

"Mama." Siku hizi mzee alimwita hivyo, kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote anayemkuta dukani. Meno yake yaligongana. "Mama, nimekosa nini?"

Maji yaliendelea kutoka.

"Kama kuna makosa nimefanya, niambie tu. Sitarudia."

"Hodi hapa! Mama Chebet!"

Lango lilikuwa limeshafunguliwa. Aliyeingia ni Hulda Akumu, nesi mstaafu anayeongoza kikundi cha watu wanaowatunza wazazi na wenzi waliopotewa na kumbukumbu. Walikutana kanisani kila Jumapili baada ya ibada. Jebet alikuwa amehudhuria mara mbili. Zamu yake ya kusema ilipofika, alitabasamu na kujibu, "Sisi tunashukuru Mungu, hatuna shida kubwa," ilhali mwanamume aliyeketi kando yake alikuwa ametoka kumlilia mkewe mbele ya watu wote.

Jebet alitupa mpira chini. Ulijinyonganyonga kwenye saruji, ukamlowesha Hulda viatu.

Hulda alivua sweta yake, akamfunika mzee mabega, kisha akamfunga kiunoni leso aliyokuwa amejitanda.

"Mzee, umeamkaje? Hii baridi imekuchapa kweli. Twende ndani tuote moto."

"Huyu mama ananipiga na maji," mzee alimshtakia. "Na sijui nimemkosea nini."

Jebet alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mpira wake.

Jikoni, mzee akiwa ameketi karibu na jiko huku akikumbatia kikombe cha chai, Jebet alizungumza akitazama sakafu.

"Sio ati mimi ni mbaya, Mama Hulda. Kwetu siwezi mguza."

"Hata kwetu. Baba mkwe wangu, enzi zake, akiniona nakuja kwa njia, anaruka ua ndio tusipatane. Siku moja akaangukia mtaro juu ya kunihepa. Matope mpaka kwa kofia! Na mimi siwezi mwinua, nimesimama tu hapo nikiita watu."

Jebet alianza kucheka. Kicheko kilimgeuka kooni, kikatoka kilio.

"Sasa ungesema," Hulda aliendelea polepole. "Pale kanisani hatukai tu kuangaliana. Tuko na wanaume. Bwana yangu Opondo anaogesha wazee wawili wa wenyewe. Huyu wenu angekuwa wa tatu."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Jebet alijifuta macho kwa ncha ya blanketi la mtoto.

"Lakini hiyo mpira, mama," Hulda alisema akitafuta namba ya mumewe kwenye simu, "hiyo usirudie."

Opondo alifika akiwa amekunja mikono ya shati. Maji ya moto yalipelekwa bafuni, mlango ukarudishwa. Jebet alibaki kwenye kigoda, mtoto sasa akinyonya. Aliwaza miaka ile ya masomo ya jioni, alipokuwa akimalizia kidato cha nne baada ya ndoa. Mzee Zachariah ndiye aliyeshikilia kwamba arudi shule. Kila siku alimngoja kwenye lango la shule na tochi. Hakuwahi kutembea kando yake, heshima haikuruhusu. Alitangulia hatua kadhaa, mkono ameunyoosha nyuma, akimulika pale miguu ya mkaza mwanawe ingekanyaga. Wala hakuwahi kugeuka kumtazama. Na Jebet hakuwahi kujikwaa.

Aliinamisha uso, shavu likagusa nywele za mtoto.

"Inua mkono, mzee. Eh, hivyo. Maji iko sawa?" Ilikuwa sauti ya Opondo.

"Iko tamu!"

Simu ililia. Alikuwa Kimeli, muungurumo wa injini nyuma ya sauti yake.

"Mko aje huko? Baba ameamka poa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la kwamba hawana shida, alilompa kila alipopiga, limelainika kwa kutumiwa sana. Hulda, aliyekuwa akisuuza kikombe cha mzee, alifunga bomba ili asimsumbue.

"Kimeli," Jebet alisema, "egesha lori kando kwanza."