Viatu vya Mita Mia Nane

Jumanne tarehe tisa, saa nne asubuhi, orodha ya timu ya taifa ilibandikwa mlangoni mwa chama cha riadha, na jina la binti wa fundi viatu halikuwamo. Katika mchujo alikuwa wa kwanza, mita mia nane. Walikwisha kumpima hata mguu, aletewe viatu vya timu. Mahali pake palisomeka jina la mpwa wa mwenyekiti, aliyemaliza wa tano, ulimi nje.

Fundi alikuwa mgane, mtu wa darasa la nne. Haki kwake ilikuwa na mlango mmoja tu. Akafunga kibanda, akavaa koti alilovaa siku ya kumzika mke wake, akaenda mahakamani.

Hakimu hakuinua uso. "Mzee, ugomvi wa michezo unaanzia chamani. Kamati ya rufaa. Ukishindwa, Baraza la Usuluhishi. Ndipo uje hapa."

Kamati ya rufaa ilikuwa watu watatu na sahani ya karanga. Katikati aliketi mwenyekiti yule yule, akijipangusa vidole tumboni.

"Karibu, mzee wangu. Nasikia umetupeleka kortini?"

"Wamenirudisha, mheshimiwa. Wamesema nije kwenu."

"Lakini ulikwenda?"

"Nilikwenda."

Mwenyekiti akafungua kijitabu. "Kifungu cha thelathini. Anayekwenda mahakamani kabla hatujamsikiliza, anafungiwa. Fomu ya binti yako ulitia sahihi wewe. Miaka miwili."

"Kosa ni langu. Nifungieni mimi."

"Kwani wewe unakimbia mbio gani, mzee?"

Wakacheka, maganda ya karanga yakiwaruka midomoni.

Kwenye Baraza alimkuta karani peke yake na viti vilivyofunikwa magazeti.

"Wajumbe walimaliza muda mwaka juzi, babu. Wapya hawajateuliwa."

"Nani anayewapendekeza?"

"Mwenyekiti wa chama chenu." Karani akapiga mwayo. "Ndiyo hivyo. Kesi ya ngedere, hakimu nyani."

Ijumaa, dereva wa chama alisimama mbele ya kibanda na jozi mpya ya viatu vya mbio.

"Fundi, hivi vinampwaya bibie, mpwa wa mwenyekiti. Tia soli ya ndani, vimkae. Ndege ni kesho."

Fundi akavipindua. Chini ya ulimi wa kiatu, kwa wino mweusi, liliandikwa jina la binti yake. Binti mwenyewe alikuwa nyuma yake, akichambua misumari. Akavitazama. Kisha akavuta miguu yake, akaificha chini ya kigoda.

"Eh, fundi! Nivifuate saa ngapi?"