Habari za Bunge Kutoka Bombani

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Ardis Kvamme alifungua bomba la jikoni aoshe sufuria ya uji, na kabla maji hayajatoka ikatoka sauti ya mbunge wake: "Mwenyekiti, naomba niweke wazi jambo moja." Kisha maji yakaja, na sauti ikaendelea humo humo, ikizungumzia vibali vya kuvua samaki kwenye barafu. Ardis aliosha sufuria akisikiliza. Alipofunga bomba, mbunge alinyamaza katikati ya neno.

Akampigia simu Lavonne, mwenye mkahawa wa pale kijijini.

"Na kwako pia?"

"Tangu asubuhi," alisema Lavonne. "Jikoni nampata Marlys. Chooni nawapata wale wa chama kingine."

Kwetu Skogby lilikuwa jambo la kushukuru. Marlys Tveit alikuwa mwalimu wa bendi ya shule kabla hatujampeleka bungeni, na sauti hiyo haijamwisha. Kila Jumatatu anaendesha gari mpaka St. Paul, liliko bunge la jimbo letu la Minnesota, kila Ijumaa anatuma barua ya wiki, kila Jumamosi anakaa mkahawani kwa Lavonne na kikombe cha kahawa kujibu maswali. Anajivunia kwamba hakuna mpiga kura wake awezaye kusema hakuambiwa. Lakini barua ile ni ndefu, jamani, na ina picha nyingi za Marlys na watoto wa shule, na wengi wetu tulikuwa tunaishia kwenye salamu. Sasa habari zilikuja zenyewe, mtu akiwa ananyoa ndevu.

Ndani ya wiki moja tukazoea. Harlan Bakke, mfugaji, alilalamika kidogo tu.

"Ng'ombe wangu hawanywi maji bajeti ikijadiliwa."

"Basi wana akili kuliko wewe," Lavonne alimjibu, "maana wewe uliisikiliza mpaka mwisho."

Kilichobaki kutushangaza ni kwamba mabomba mengine hayakusema. Nyumba ya mchungaji, iliyochimbiwa kisima kipya kirefu, ilikuwa bubu kabisa. Mtu wa afya akaja na vichupa vyake, akapita nyumba kwa nyumba, akatupa majibu: visima vinavyosema ni vile vyenye sumu ya mbolea, na vilivyo safi havisemi. Alieleza hayo kwa utulivu, akaomba kahawa kwa Lavonne, na kabla hajainywa akauliza maji yake yametoka wapi.

Habari hiyo haikuwa ngeni. Mbolea ya mashamba, yetu wenyewe ikiwemo, ilikuwa inashuka ardhini miaka nenda miaka rudi. Sisi watu wazima tulikunywa tukanyamaza. Lakini Ardis alikuwa amepata mjukuu, Anders, na daktari alikataza hata tone la maji yale lisiingie kwenye chupa ya mtoto. Ndiyo maana Ardis alikuwa kila mara barabarani, akienda Rochester kuteka maji ya bomba la mjini kwa dumu na kurudi nayo kwenye theluji. Na mkwewe Britta, mama wa Anders, aliyekuwa akiishi naye pale shambani, alishamwambia bila kuficha.

"Mama, nakupenda, na nyumba hii naipenda. Lakini muswada wa Marlys wa visima usipopita, sisi tunahama kabla ya mahindi kupandwa."

"Si haba," alisema Ardis, ambalo kwetu ni jibu la kila kitu, kisha akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Ilimuuma sana.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi: kila nyumba yenye bomba linalosema ichimbiwe kisima kirefu. Ulipangiwa Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mbele ya kamati ya Mheshimiwa Rollie Stangler, mtu mpole mwenye tai za picha za bata.

Kufikia hapo tulikwisha kujua kwamba sauti inakwenda pande zote mbili. Marlys, kwa ubishi tu, hubeba maji ya kisima chake kwenye chupa na kuyanywa bungeni. Siku moja Harlan alijikata na wembe, akatukana kwenye sinki lake, na tusi likatokea kwenye glasi ya Marlys katikati ya kikao. Mwenyekiti Stangler aligonga meza. "Mheshimiwa Tveit, glasi yako isubiri zamu yake." Karani akaongeza kwamba anayetaka kutoa ushahidi ajiandikishe mapema.

Kwa hiyo Ardis alijiandikisha. Alhamisi ilipofika, glasi ya maji ya Marlys iliwekwa kwenye meza ya mashahidi na kipaza sauti kikashushwa mpaka usawa wake. Skogby nzima ilikuwa imesimama kwenye masinki.

"Jina lako na unakotoka, kwa ajili ya kumbukumbu," alisema mwenyekiti.

"Ardis Kvamme, wa Skogby. Niko jikoni kwangu."

"Una dakika mbili, mama."

"Nyingi mno hizo. Nina mjukuu, anaitwa Anders, nataka akulie hapa. Basi. Dakika zilizobaki, namwomba mheshimiwa yeyote anywe hiyo glasi."

Hakuna aliyeinywa. Mmoja alianza kutafuta kalamu yake, na mwingine akamsaidia kuitafuta. Marlys akanyoosha mkono.

"Siyo wewe, Marlys," ilisema glasi. "Wewe umeshakunywa ya kutosha."

Mwenyekiti Stangler alivua miwani, akaifuta. Alikuwa ameguswa kweli, na alisema hivyo. "Lakini tujiulize, waheshimiwa. Hakuna watu Minnesota nzima wanaozijua kazi za bunge hili kama hawa. Na tumeambiwa, kisima kikisafishwa, kinanyamaza. Sasa Mheshimiwa Tveit anatuomba tuwakatie habari wapiga kura wake mwenyewe? Mimi nitauweka wapi uso wangu?"

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Walisema hawakuwa wameliona jambo hilo kwa upande huo.

"Ala! Huyu bwana ana wazimu?" aliuliza Lavonne kwenye sinki lake, na swali hilo limo kwenye kumbukumbu za kikao mpaka leo.

Muswada haukukataliwa. Uliwekwa kando, kwa uwezekano wa kuingizwa siku moja katika muswada mwingine mkubwa zaidi, maana yake haukufa wala haukuwa hai, kama lile lori la Harlan nyuma ya banda. Badala yake kamati ilipitisha, bila hata mmoja kupinga, kwamba Skogby ipewe ngao ya shaba yenye maandishi: Wananchi Wenye Habari Kuliko Wote.

Marlys aliileta mwenyewe Jumamosi, akasimama mlangoni mwa mkahawa amebeba ngao kwapani na barua ya wiki mkononi.

"Nasikitika kuwaambia..." alianza.

"Tumesikia," alisema Harlan. "Kaa ule keki."

Akakaa. Alilia kidogo, akala vipande viwili, na baada ya muda akawa anacheka kuliko sisi. Lavonne aliitundika ngao juu ya sinki, karibu na kibao kinachokataza watu kunywa maji.

Britta na mume wake walihamia Rochester mwezi wa nne, kama alivyosema. Walipata nyumba nzuri yenye maji safi. Wiki haikuisha, simu ya Ardis ikalia.

"Mama, mabomba ya huku hayasemi kitu. Anders hatulii. Amezoea kulala huku Marlys anaongea."

"Kumbe," alisema Ardis. Alikuwa na furaha, na aliona aibu kwa furaha hiyo.

Tangu siku hiyo, kila Jumatano kamati zikikaa, Ardis hujaza dumu kwenye bomba lake, akaliandika SI YA KUNYWA kwa herufi kubwa, akalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Kwenye kona maji hutikisika, na Marlys hutoa nusu neno. Akifika Rochester huyamimina polepole kwenye beseni, karibu na kitanda cha mtoto.

"Mwenyekiti," yanasema maji, "naurudisha tena muswada wangu wa visima."

Anders hucheka, hupiga miguu, hulala. Ardis humtazama mpaka dumu liishe. Kisha huchukua dumu la pili, hulijaza kwenye bomba bubu la Britta, hulipakia garini na kurudi nalo Skogby, kwa ajili ya kahawa yake.