Hodi ya Ndani ya Kabati

Bawaba alikuwa amekunjwa ndani ya kabati kama shati la msafiri: magoti kidevuni, bisibisi mkononi, tochi mdomoni, kifua wazi. Kuingia aliingia mwenyewe, kwa akili zake timamu, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Kutoka ndiko kulikokuwa na maneno.

Kisa kilianza na shule ya chekechea iliyotaka makabati kumi na manne kwa chumba cha kulala watoto. Yawe na kina cha kuingiza magodoro, na mlango wa kila moja usifunguke kando bali ushuke kwa mbele mpaka ulale kama meza, ili walezi wakunjie mashuka juu yake. Sasa mlango wa namna hiyo lazima ushikwe na kitu, la sivyo unashuka na vidole vya mtu. Baba mkwe wa Bawaba, mwenye karakana, alikuwa anaushika kwa mnyororo. Mnyororo miaka thelathini, hata mtaani wakambatiza Mzee Mnyororo. Bawaba yeye alitaka mikono ya polepole, vyuma viwili vyenye bomba dogo la mafuta, kimoja kila ubavu, vinavyoushusha mlango taratibu kama mama anayelaza kichanga.

Walibishana wiki mbili. Kubishana ni neno tu. Mkwe habishani na baba mkwe wake, husema "sawa baba" kwa urefu tofauti tofauti. Na huyu alikuwa anakula kwa mzee, analala kwa mzee, anarandia mbao za mzee. Mwaka wa tatu sasa, yeye na mkewe katika chumba kimoja cha uani, ukuta mmoja na mama mkwe, kiasi kwamba akipiga chafya anaambiwa pole kutoka upande wa pili.

Hatimaye mzee alitoa hukumu. "Tutatengeneza mawili. Moja langu, moja lako, mwalimu mkuu mwenyewe achague. Akichukua lako, kile kibanda cha ng'ambo ya barabara ni chako. Fungua kazi yako, uhamie huko na mwenzio. Akichukua langu, hiyo mikono yako usinitajie tena mpaka nizikwe."

"Sawa baba," Bawaba akasema. Hiyo ilikuwa fupi kuliko zote.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa moja kabla ya mgeni, mkono wa kushoto ukaanza kukwaruza ubao, krr, kila mlango ulipofungwa. Mkwaruzo wa namna hiyo unaonekana ukiwa ndani tu, na mlango umefungwa. Basi akatoa rafu, akavua shati lisije likanasa, akalitundika msumarini na simu yake mfukoni, akajikunja akaingia. Mkewe akamfungia na kuzungusha komeo la nje, kama litakavyokuwa shuleni. Skrubu nusu duru tu, krr ikafa. Kwa mbwembwe akaongeza na kukaza yale mabomba ya mafuta mpaka mwisho wa upole.

Akagonga. Akagonga tena.

"Nimetumwa dukani na mama, nakuja sasa hivi!" sauti ya mkewe ikajibu kutoka mbali. Na "sasa hivi" ya kutumwa na mama mkwe haijawahi kupungua nusu saa.

Ikafika robo saa, jasho likimtiririka mpaka kwenye kitovu, ndipo akasikia viatu. Si vya mkewe.

"Karibu mwalimu, karibu sana, umewahi! Mama nanihii, lete kiti!" Sauti ya mzee.

Bawaba alizima tochi, sijui kwa nini. Aibu haina akili. Mwalimu mkuu huyo, na mama mkwe huyo anakuja na kiti, na yeye amekaa gizani kifua wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Akitulia, huenda wakapita.

"Hili hapa," mzee akasema. "Mnyororo. Hauna mafuta wala mambo mengi." Mnyororo ukachachatika, halafu mlango ukafika mwisho wa safari: PAA! Bawaba akagonga kichwa kwenye paa la kabati.

"Mh," mwalimu akasema. "Na watoto arobaini wamelala?"

"Mtoto aliyeshiba haamshwi na mlango."

"Umewahi kulaza watoto wewe, mzee?"

"Nimelaza sita. Mama huyu hapa shahidi."

"Uliwalaza lini?" mama mkwe akauliza. "Nikumbushe hata siku moja."

Mwalimu akacheka. "Na lile pale?"

"Lile ni la mkwe wangu. Mwenyewe hayupo, sijui kapotelea wapi. Vijana wa siku hizi, mwalimu, siku ya kazi ndiyo siku ya kupotea."

"Ningependa kuliona, lakini kama mwenyewe hayupo nami sina muda..." Zipu ya mkoba ikalia. "Basi niandikie hayo ya mnyororo."

Zipu ile ilimpita Bawaba mgongoni kama msumeno. Akiendelea kutulia, heshima yake itatoka salama, na yeye atabaki: chumba kile kile, ukuta ule ule, pole ile ile ya chafya. Akisema neno, watamwona alivyo. Kwa vile hakuna aliyewahi kumfundisha mtu husema nini akiwa anatoka kabatini, likamtoka lile la kawaida.

"Hodi."

"Karibu!" mama mkwe akaitikia, akageukia mlango wa karakana. Hakuna mtu.

"Hodi," kabati likasema tena, kwa unyonge zaidi.

"Mzee," mwalimu akasema taratibu, "samani zako zinabisha hodi."

Komeo likazunguka. Na hapo ndipo Bawaba alipojuta ule upole alioukaza kwa mbwembwe. Mlango wa mnyororo ungekwisha kwa PAA moja, aibu ikatoka yote kwa mpigo. Huu wake ulishuka kama jua la kiangazi. Zikatoka nywele. Baadaye sana, paji la uso. Macho yakatoka, yakawakuta wote watatu wanayatazama, yakakosa pa kwenda. Akausukuma kwa vidole vya miguu uharakishe. Mafuta hayajui haraka ya mtu. Kilipoanza kuonekana kifua, mama mkwe aligeuka akaanza kuisoma misumeno ukutani kama gazeti.

"Shikamoo mama," Bawaba akauamkia mgongo wake.

"Marahaba," mgongo ukajibu.

"...nane, tisa," mwalimu alikuwa anahesabu. Mlango ukalala. Haukutoa hata pumzi. Mwalimu akauegemea kwa viganja viwili, kwa uzito wake wote. Ukatulia. "Uko humu tangu saa ngapi?"

"Kama robo saa hivi, mwalimu."

"Kwa nini hukufungua?"

"Komeo liko nje."

Tabasamu la mwalimu likafutika. "Nina mtoto mmoja pale shuleni kazi yake ni kujificha. Juzi tumemtoa ndani ya kapu la nguo chafu. Komeo hili nani kaliweka?"

Mzee akatazama paa. Kwenye kabati lake nalo komeo lilikuwepo, ndugu wa tumbo moja.

"Mimi," Bawaba akasema.

"Liondoe. Weka sumaku, mtoto akisukuma kwa mguu afungue mwenyewe. Ukifanya hivyo nachukua haya ya polepole, yote kumi na manne." Akafunga zipu, akaaga, akaondoka na mama mkwe akimsindikiza na vicheko viwili vilivyosubiri mpaka uani.

Karakana ikabaki na wanaume wawili, mmoja kabatini.

"Toka basi," mzee akasema.

"Miguu imekufa ganzi, baba."

Mzee aliuinua mlango kwa kidole kimoja, akauachia, akainama kuutazama ukishuka. Akakuna kidevu. Akauinua tena, safari hii mpaka juu kabisa, giza likamfunika mkwe wake.

"Baba?"

"Ngoja kwanza."

"Na kile kibanda, baba?"

"Ufunguo uko kwa mama yako, kauchukue. Tulia, unanichanganya hesabu."

Mwanga ukaingia, mstari mwembamba kama uzi, ukaanza kupanuka taratibu. Nje mzee alikuwa anahesabu: moja, mbili, tatu. Alipofika tisa akaurudisha juu.