Kiwanja cha Mbishi

Kila Jumamosi, kabla ya kuteleka kahawa, Nereida Mojica alichota ndoo mbili za maji ya bahari hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Aliyachuja kwa shati kuukuu la marehemu mumewe, akadumbukiza kipimo cha kioo kuangalia chumvi, kisha akabadilisha maji ya tangi. Tangi lilikaa sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine za Punta Cangrejo ziliweka televisheni. Ndani yake aliishi samaki mmoja. Zamani walikuwa watano. Huyu, mweusi mwenye madoa ya buluu, mfupi kuliko kidole gumba, aliwamaliza wenzake wanne mmoja mmoja, akamalizia na kaa. Nereida alimwita Mbishi.

"Huyo si samaki, wifi, huyo ni mbwa," alisema Doña Chavela, dada wa marehemu, siku alipotia kidole majini akakitoa kinavuja damu.

"Mbwa hubweka kwanza," Nereida alimjibu.

Mbishi alikuwa mkulima. Juu ya jiwe la matumbawe lenye ukubwa wa sahani alipanda mwani wake, akipalilia kutwa: kila uzi asioutaka aliung'oa kwa mdomo na kwenda kuutema pembeni. Umeme ulipokatika, na pwani ile ulikatika karibu kila siku, Nereida aliunganisha pampu kwenye betri ya gari, yeye mwenyewe akajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Mwezi Machi hoteli ilijenga ukuta kati ya nyumba na bahari. Ukuta ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi, mkwe wa Doña Chavela aitwaye Wilfrido. Nereida alimwendea na ndoo zake.

"Siwezi, shangazi. Wameweka kamera."

"Wewe Wilfrido, nimekulisha maharage yangu miaka mingapi? Bahari ni ya nani?"

"Bahari ni ya Mungu, shangazi. Mchanga ndio wa hoteli."

Nereida alirudi na ndoo tupu. Siku hiyo hakuteleka kahawa.

Jumamosi ya tatu bila maji mapya, saa nne asubuhi, Mbishi alitoka tangini. Alipenya kwenye upenyo wa kifuniko, akaogelea hewani, akakagua sebule, jiko, kisha ua. Alimfukuza jogoo wa jirani. Alimuuma mbuzi. Kufikia adhuhuri mipaka yake ilikuwa imejulikana: kutoka mlimau hadi pipa la maji ya mvua, na kutoka choo hadi barabarani. Nje ya hapo hakujali kitu. Jioni alianza kupalilia tuta la giligilani. Nereida akazima pampu.

"Angalau betri itapumzika," alisema Doña Chavela.

Wiki iliyofuata alikuja wakili wa hoteli, Bwana Olivero, na vijana wawili wenye futi ya kupimia. Alikuwa na karatasi iliyotiwa sahihi mji mkuu, iliyosema kwamba ardhi yote ya Punta Cangrejo ilikuwa tupu. Aliisoma kwa sauti mbele ya wakazi wake. Kisha akavuka mlimau, na Mbishi akamng'ata sikio.

"Mama, mwite samaki wako."

"Simfugi tena, wakili. Ongea naye mwenyewe."

Wakili aliandika kwenye daftari lake: *Kiwanja namba saba, hakikupimika, samaki.* Wakaenda kupima namba nane.

Nyumba kumi na moja zilibomolewa mchana kweupe, watu wakiwa wameshika vitanda vyao barabarani. Majirani walijaribu kuhamishia vyombo uani kwa Nereida. Mbishi aliwauma wote, watoto na vikongwe, bila kubagua. Doña Chavela alitoka pale na alama tisa shingoni.

"Na wewe hakuumi?" aliuliza kwa uchungu.

Nereida alikunja mikono ya gauni lake, akamwonyesha. Mikono ilikuwa imejaa makovu hadi viwikoni. "Nimezoea tu, wifi."

Kesi ya namba saba ilichukua dakika sita. Hakimu, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, alieleza kwamba hoteli, ilipoomba kibali cha kujenga, iliahidi kutosumbua makazi ya viumbe wa mwamba wa matumbawe, na orodha ya viumbe hao iliambatishwa. Samaki huyu yumo, ukurasa wa kumi na nne. Imethibitika kwamba anakaa kwenye kiwanja hicho, anakilinda na kukilima. Kwa hiyo kiwanja ni makazi yake, na hoteli isimguse.

"Na mimi?" Nereida aliuliza.

"Mama, wewe hukuandikwa kwenye orodha."

"Nimezaliwa pale, mheshimiwa. Kitovu changu kimezikwa pale."

"Sikatai. Lakini hukuandikwa."

Bwana Olivero alipeana mikono na kila mtu, hata na Nereida.

Nyumba, kwa kuwa nayo haikuwamo kwenye orodha, ilibomolewa kwa nyundo ndogo, polepole, mafundi wakiwa wamevaa kofia za chuma na glavu. Hoteli ilizungusha kamba, ikasimamisha kibao cha lugha tatu. Wageni walikuja baada ya kifungua kinywa kumpiga picha samaki akipalilia giligilani, na wale walioumwa walifungwa plasta bure.

Nereida alihamia chumba kimoja mjini pamoja na Doña Chavela. Alikaa wiki mbili akitazama dari. Jumatatu ya tatu alichana nywele, akavaa gauni la kanisani, akaenda kwenye ofisi ya mazingira kuomba aandikwe kuwa kiumbe wa mwamba.

Karani hakuinua hata uso. Alimpa fomu ya kijani. Nereida alijaza urefu wake, rangi yake, anakula nini, na ameonekana eneo hilo tangu mwaka gani. Swali la mwisho liliuliza: *Je, huuma?*

Aliandika: *Bado.*

"Andika ndiyo au hapana, mama," karani alisema. "Hiyo 'bado' mfumo haupokei."

Nereida alikata neno lile, akaandika *Ndiyo*, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Nyuma yake alisimama Doña Chavela, na nyuma ya Doña Chavela foleni ilifika ngazini: watu wa nyumba kumi na moja, kila mmoja na fomu yake ya kijani. Karani alipokea fomu nne. Ilipogonga saa nane akafunga dirisha, akawaambia waliobaki warudi kesho, tena waje mapema.